Mashine Iliyoacha Kusalimia

Ng'ambo, Tabora
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine hii hapa ni ya mjukuu wako Shani. Amekaa miguuni pangu anavuta ncha ya karatasi, kwa hiyo ukisikia mwandiko umepinda ujue ni mkono wake. Kaka Yusufu, wewe unayesoma, nakufahamu. Usiruke hapa. Mama aliniambia siku ile stesheni kwamba barua zangu huwa unaanzia kwenye habari, eti "salamu ni zilezile". Si zilezile. Soma taratibu, na mama akiitikia umsubiri amalize.

Mgongo unasemaje, mama? Yale majani aliyokupa jirani msuka mikeka yamekusaidia, au yamekuwa ya kunukia tu? Paa la jikoni limeshaezekwa? Na yule kuku mwekundu mkorofi, bado anatagia kitandani kwako? Huku sisi ni wazima. Joto ni lile la kabla ya mvua, ardhi imepasuka, vumbi linaingia mpaka kwenye unga. Sukari na sabuni ni za kuvizia, lakini hilo si la Tabora peke yake, najua na huko mnafunga mkanda. Mawese yamefika na kopo halikuvuja. Dagaa, mama mkwe wangu Bi Tatu amewala akalamba vidole, akasema, "Kumbe Ujiji kuna watu!" Kwa mtu wa Tabora mjini kutamka hivyo, mama, ni kama amekutunza doti ya kanga.

Shangazi aliyeleta mzigo alileta na neno lako. Alinivuta pembeni akalisema kama ulivyomtuma: kwamba Shani ameshaacha ziwa, na kwamba kama lile sanduku la mume wangu halijaanza kuleta chakula kabla ya mvua, utapanda treni uje umchukue mjukuu wako ukamlee mwenyewe, penye samaki. Sikumjibu shangazi. Nilisema nitaandika. Halafu kila nikishika kalamu naona sina cha kuandika, maana sanduku lilikuwa bado halijaleta kitu. Najua mtoto akiacha ziwa kwenda kwa bibi yake ni desturi yetu, hata mimi nililelewa na bibi. Ila mama, nikimwazia Shani yuko Ujiji na mimi niko huku, mikono yangu inaona haina pa kushika. Ndiyo maana leo naandika ndefu. Nataka nikueleze hilo sanduku ni kitu gani, maana nadhani shangazi amekwambia ni redio mbovu.

Si redio. Linaitwa kompyuta.

Baba Shani, unavyomjua, ni fundi wa redio, na kabla hatujaoana alikuwa akimsaidia mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akifundisha umeme hapa mjini. Yule mwalimu alipoondoka kurudi kwao alimwachia boksi la vipande: vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu, nyaya, kitabu cha maelekezo, na televisheni ndogo. Televisheni huku bara haina cha kuonyesha, hakuna kituo cha kuitumia picha, kwa hiyo watu walimcheka. "Rajabu kaachiwa kioo kisichotazamika!" Yeye akakaa akaunganisha kiungo kimoja kimoja kwa risasi ya kuyeyusha, mpaka nyumba nzima ikanuka moshi wake. Seremala akampa mbao za mninga, akazijengea sanduku. Ukiliona utadhani ni kasha la kuwekea Msahafu. Juu yake kuna vibonye vya herufi, na ukibonya, herufi inatokea kwenye televisheni. Siku nilipoona herufi ya jina langu inang'aa pale, nilikaa chini.

Kazi yake ni kuhesabu na kukumbuka. Lakini kukumbuka kwake ni kwa ajabu. Ukizima tu, inasahau yote, kila siku inafundishwa upya kama haijawahi kuingia darasani. Na mafunzo yake yanatoka kwenye kaseti! Kaseti hizihizi za taarabu, zinawekwa kwenye kinasa sauti, waya unaingia sandukuni. Ukisikiliza ni kelele tupu, kama maji yamedondokea mafuta ya moto kikaangoni. Hizo kelele ndizo masomo, Baba Shani anaziita programu. Nilimwuliza, "Sasa nani aliyeimba hivyo?" Akasema, "Mimi niliandika, yenyewe ikaimba." Nilikaa siku nzima nikilitafuna hilo jibu.

Sasa sikiliza tulipokosea. Siku ya kwanza ilipowaka, Bi Tatu aliitwa aje aione. Akasimama mlangoni, kanga kichwani. Televisheni ikatoa namba. Bi Tatu akangoja. Akangoja tena. Kisha akasema, "Ndiyo nini hii? Imeingia nyumba ya watu, haipigi hodi, haiamkii, imeanza kunitajia hesabu?"

"Mama, ni mashine," mwanawe akamwambia.

"Na kasuku ni ndege, mbona anasalimia? Ifunze adabu kwanza, hesabu zitakuja."

Baba Shani hawezi kulipuuza neno la mama yake. Akaifunza. Ukiwasha inaandika HODI, na usipobonya karibu haiendi mbele. Inakuuliza umri, ikiona wewe ni mkubwa kuliko fundi wake inaandika SHIKAMOO, inangoja marahaba. Habari za nyumbani. Za watoto. Za shamba. Za mifugo. Kila moja mpaka ujibu. Watu wa Tabora wanajua kusalimiana, mama. Njia hii wamepita wageni tangu enzi za misafara, na mgeni hakuulizwa mzigo kabla hajaulizwa hali. Majirani wakaipenda mno, wakawa wanapanga foleni kuja kuamkiwa. Bi Tatu mwenyewe kila alasiri anaketi mbele yake na kuieleza habari za goti lake kwa mdomo, wala habonyi kitu. Nikamwambia, "Mama, haisikii hiyo."

"Na wewe je, nikikwambia huwa unasikia?"

Nikaenda zangu jikoni.

Baba Shani naye akanogewa. Akaongeza mwezi na nyota, vinajichora kidogo kidogo kwenye kioo. Akaongeza wimbo wa kukaribisha wageni. Mzee Maganga akauliza kama inajua Kinyamwezi, na alipokuja tena akakuta inasema MWANGALUKA, salamu yao ya asubuhi.

Huyu Mzee Maganga ndiye mwenyekiti wa duka letu la ushirika. Ni mtu wa Ntalikwa, Mkatoliki, mpole, mwenye ng'ombe. Kila sukari ikishuka kwenye treni, kazi yake ni kuigawa kwa kila kaya kwa kadiri ya midomo iliyomo, na kila mara ni ugomvi. Huyu anasema amepunjwa, yule anasema mama yake mgonjwa hakuhesabiwa, mpaka watu wazima wanashikana mashati mbele ya mizani. Akamwuliza mume wangu, "Mwanangu Rajabu, hiyo yako inajua kugawanya?"

"Ndiyo kazi yake, mzee."

"Basi ikigawa bila mimi kutukanwa, pale dukani pana stoo iko tupu. Itakuwa chumba chako, na utalipwa ujira kama wafanyakazi wengine."

Ujira, mama! Hicho ndicho chakula ulichokuwa ukikiulizia. Nilisimama nyuma ya pazia na Shani mgongoni, nikamkaza kwenye mbeleko.

Mzee Maganga akaja kuijaribu. Umeme wa hapa unategemea mtambo wa dizeli, na dizeli nayo ni kama sukari, ikija tunashukuru. Hujui kama utakaa mpaka magharibi au utakatika wali haujaiva. Basi kaseti ya kwanza ikaimba. Ya pili ikaimba. Hodi. Karibu. Shikamoo. Marahaba. Mwezi ukajichora, nyota ikajichora, wimbo ukapigwa. Ikafika habari za mifugo. Mama, usimwulize mtu wa Ntalikwa habari za ng'ombe wake kama una haraka! Alivuta kiti. Ana ndama aliyezaliwa na mguu umepinda, ana fahali aliyepotea akaja kuonekana Igalula karibu na reli, ananenepa kwa mahindi ya watu. Alieleza yote, na Baba Shani anamwandikia kwa heshima, neno kwa neno. Walipofika kwenye sukari, umeme ukakatika.

Akaja mara ya pili. Safari hii Baba Shani alizijibu salamu mwenyewe harakaharaka, wakaanza kuingiza kaya, jina la mwenye nyumba na idadi ya watu wake. Walipofika nyumba za nyuma ya soko, televisheni ikaandika IMEJAA. Haikukubali kuongezwa hata kichanga. Upande wote ule wa mtaa hauna sukari, na sisi tumo.

Mzee Maganga akachukua kofia yake. Hakukasirika, na bora angekasirika. "Rajabu mwanangu, hii yako ni mgeni mzuri sana. Ila mimi natafuta kibarua, sitafuti mgeni." Akasema behewa jingine la sukari likifika ataijaribu mara moja tu. Ikishindwa, atarudi kwenye kikombe chake cha kupimia na matusi yake.

Baba Shani akasema dawa ni moja, kuongeza vile vidude vyeusi vya kumbukumbu. Havipo hapa, havipo Dar es Salaam, labda Ulaya. Nikamwona anaitazama cherehani uliyonipa, kisha anageuza uso. Nikamwambia, "Baba Shani, hiyo cherehani imetoka kwa mama yangu. Usiitazame kwa macho ya mnada." Akacheka, lakini kwa shida.

Sasa siku moja nilikuwa napepeta mchele, yeye anaisikiliza kaseti, kalamu mkononi. Nikauliza tu, maana kitu kile kinanipa maswali hata nikiwa naoga.

"Hivi zile salamu zinakaa wapi?"

"Ndani. Kwenye kumbukumbu."

"Zikishasemwa zinatoka?"

"Zitoke ziende wapi?"

"Si ndiyo nakuuliza. Mimi nikishamwamkia mama asubuhi nimemaliza, naenda kuwasha moto. Yenyewe ikishasalimia, ikaanza kugawa sukari, bado imezibeba?"

Akakizima kinasa sauti. Kisha akasema, "Imezibeba."

"Na mwezi na nyota?"

"Navyo."

"Na wimbo?"

"Tausi, pepeta mchele wako." Lakini kalamu aliiweka chini.

Nikamkumbuka babu yake bibi, yule aliyetoka huku Unyamwezi na mzigo begani akafika Ujiji akaoa, hakurudi. Bibi alikuwa akinisimulia, nawe umesimuliwa. Kwamba pembe ya ndovu mpagazi amepimiwa, anaiweza. Ila juu yake anaongeza vyake: mkeka, chungu, kibuyu, zawadi ya shemeji. Akichoka analaumu pembe. Basi kirangozi, yule anayetangulia mbele ya msafara, kabla hawajaingia pori lisilo na maji anawasimamisha wote, anakiuliza kila kitu kwa jina lake: "Wewe mkeka, pori hili utatufaa nini? Wewe chungu, utatufaa nini?" Kisicho na jibu kinabaki njiani. Nilimsimulia Baba Shani huku nikipepeta. Akasema, "Bibi yako alikuwa fundi." Akanivutia kiti nikae karibu yake, tukaanza kuuliza.

"Hii kaseti ya kwanza ni ya nini?"

"Mwalimu alisema kila siku tuanze na hiyo."

"Lakini inafanya nini?"

"Inaifundisha kuchora na kupiga nyimbo."

"Sukari inachorwa?"

Akaitoa. Tuliogopa wote wawili, kama mtu anayeanza safari bila kusema bismillahi. Akaweka ile ya pili peke yake. Mashine ikawaka bila kinyongo, haikuulizia hata kidogo mwenzake yuko wapi! Baba Shani akanitazama, nami nikamtazama. Siku zote hizo tulikuwa tunaingoja kaseti ambayo haina kazi kwetu.

Tukaendelea. Katikati ya programu kulikuwa na maneno, HAPA TUNAGAWA, HAPA TUNARUDI, USISAHAU HAPA. Nikauliza hayo ni ya nani. Akasema ni yake, ya kujikumbusha alipokuwa akiandika, mashine yenyewe inayaruka. "Inayaruka lakini imeyabeba?" Imeyabeba. Yakafutwa. Majina nayo. Huku mtu haitwi jina moja, ni Mama Hadija wa Karibu na Msikiti Mke wa Fundi Viatu, yote hayo yamo. Tukaweka namba ya nyumba peke yake, kwa sababu Mzee Maganga anaijua kila nyumba na aliyemo na aliyehama.

Usidhani mimi ni bingwa, mama. Nilinogewa na kufuta. Baba Shani aliponipisha nibonye mwenyewe, nikaona mstari mdogo, hauna hata neno, namba tupu. Nikasema moyoni, wewe ndiye mkeka. Nikaufuta. Mashine ikagawa sukari ya nyumba ya kwanza, ikatulia. Imeridhika, kana kwamba Tabora nzima ina nyumba moja! Kumbe mstari ule ndio unaoiambia irudi ikashughulikie nyumba inayofuata, na lile neno la HAPA TUNARUDI tulikuwa tumeshalifuta, hapakuwa na wa kunionya. Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Shani, umemwacha kirangozi mwenyewe porini!" Mpaka leo nikisahau chumvi kwenye mchuzi ananiambia hivyohivyo.

Zikabaki salamu. Hapo kidole chake kikasimama hewani.

"Mama atasema nini?"

"Tuziondoe."

"Tuache hodi peke yake."

"Hodi isiyo na shikamoo ni mbaya kuliko kunyamaza," nikamwambia. "Nitakwenda mimi."

Nikapika kahawa ya tangawizi, nikaenda kukaa mkekani kwa Bi Tatu. Nikasema, "Mama, nina jambo."

"Una mimba?"

"Hapana, mama. Ni mashine. Tunataka kuipunguzia maneno. Haitasalimia tena."

Akazungusha kikombe. "Nilijua tu. Watoto wa siku hizi, hata chuma mnakifunza ujeuri."

"Imechoka, mama. Kichwa chake ni kidogo. Ikibeba salamu haibebi watu."

"Haibebi watu gani?"

"Sisi. Iliishia nyuma ya soko. Nyumba yako haimo."

Hapo aliweka kikombe chini. "Mimi simo? Nimeipa habari za goti langu kila alasiri, halafu mimi simo?" Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti nyingine, ya chini, "Lakini mwanangu, watu waje na vikapu vyao, wakute kitu kinawatajia namba tu? Hata neno la kuwapoza?"

Nikaona si ujeuri anaoulizia, ni watu. Nikajibu bila kufikiri, "Mama, kwani bwana harusi hujisemea mwenyewe? Si ana mshenga?"

Bi Tatu ndiye aliyesimamia posa za nusu ya mtaa huu. Alinitazama muda, mdomo unataka kucheka naye anauzuia. "Kwa hiyo mnataka niwe mshenga wa mashine."

"Ukikubali, mama."

Aliinuka akafungua sanduku lake la nguo, akaanza kuchagua kanga.

Salamu zikafutwa. Baba Shani akaingiza nyumba zote, za nyuma ya soko zikaingia, ya kwetu ikaingia, nafasi ikabaki. Akazirekodi kwenye kaseti ileile moja.

Behewa likashuka. Sanduku la mninga likabebwa kichwani mpaka dukani, umati umeshajaa, vikapu na makopo, na wale wa kushikana mashati nawaona wanakunja mikono. Bi Tatu akasimama mlangoni, kanga mpya, wanja machoni. "Karibuni wenzangu, karibuni. Mashine iko ndani inawaamkia, imenituma mimi. Hamjambo? Za nyumbani? Mama Hadija, mtoto kapona surua? Mzee Maganga, ndama yule mguu umenyooka?" Nao wanajibu, wanacheka, wanajibu tena. Huko ndani kaseti inaimba. Na alipofika kwenye habari za shamba, Baba Shani akachungulia mlangoni akasema, "Mama, tayari."

Mama, salamu ziliisha pamoja na kaseti! Hakuna aliyeona kwamba amengoja.

Namba zikatokea, Mzee Maganga akazisoma kwa sauti, wapimaji wakapima. Bwana mmoja akapaza sauti kwamba mapacha wake wamesahauliwa. Baba Shani akawaongeza palepale, mashine ikagawa upya, na fungu la kila mtu likapungua chembe. Watu wakamgeukia yule bwana, "Si ungenyamaza tu!" Akasema, "Ndiyo nimezaa, niwafiche?" Ikawa kicheko. Hakuna shati lililoshikwa. Umeme ulikatika wakati mizani inafungwa.

Mzee Maganga akavaa kofia yake, akamwambia Baba Shani, "Leo haikuniuliza ng'ombe wangu."

Bi Tatu akadakia kutoka mlangoni, "Ng'ombe wako wameshaulizwa hapa. Humo ndani ni kazi."

Nisikudanganye, mama, mashine haiongezi sukari. Tuliyopata ni kidogo, tunaionea huruma kuitia kwenye chai. Na kamati bado haijaupitisha ujira kwa maandishi. Lakini Mzee Maganga amempa Baba Shani ufunguo wa stoo, na leo asubuhi tumeifagia. Nimeona mahali nitakapoweka cherehani yangu, karibu na dirisha, nishone huku yeye akifanya kazi yake. Shani alilala juu ya magunia matupu kama mwenye duka.

Kwa hiyo neno lako nalijibu sasa. Mvua bado haijanyesha, na sanduku limeanza kuleta chakula. Nakuomba, mama yangu, usije kumchukua Shani. Sikunyimi mjukuu. Nakuomba uje, upande treni hiyohiyo, ukae nasi mpaka uchoke, umbebe mgongoni utakavyo, kisha urudi ukituacha naye. Najua nimekuomba kitu kikubwa kuliko nilivyopaswa. Nimekiweka mwisho kwa sababu nilikuwa nakiogopa.

Halafu kuna hili. Shani amejifunza kusema wakati ule mashine inasalimia, kwa hiyo neno lake la kwanza halikuwa mama wala baba, lilikuwa "Odi!" Anaupiga mtungi, odi. Anaipiga cherehani, odi. Anangoja, ameinamisha sikio, na asipojibiwa ananitazama mimi, namwitikia karibu. Jana amekwenda kwenye mlango wa barabarani, akawa anaugonga kwa ndani. Nikamwambia, mwanangu, hodi hupigwa na anayekuja, haipigwi na aliyemo. Hakuelewa. Akaendelea kugonga, anamngoja mtu wa nje amkaribishe. Bi Tatu akasema mtoto akifanya hivyo kuna mgeni anayemwita.

Nisalimie mjomba mchonga mitumbwi, mwambie kanga zilizofungia dagaa nitazirudisha. Nisalimie shangazi muuza mawese, na umwambie si redio. Mwalimu wangu wa chuo mpe shikamoo ya mkono, sura alizonihifadhisha bado ziko kichwani, mimi hata nikizimwa sisahau. Mdogo wangu anayesoma darasa la sita aniandikie hesabu anazofanya, nina mtu wa kuzionyesha. Jirani msuka mikeka nampa pole ya macho. Bi Tatu anakusalimu, anasema goti lipo, mtalizungumza. Baba Shani anakuamkia kwa mikono miwili. Kaka Yusufu, nawe ahsante kwa koo lako, sasa unaweza kunywa maji.

Mungu akuweke nikukute, au wewe unikute.

Mwanao,
Tausi, Mama Shani

Doa hilo la mawese pembeni ya karatasi usidhani ni uchafu. Shani amepiga kiganja chake hapo na kusema neno lake. Mwitikie, mama.